Masikio ya Ng'ombe wa Kasaine

"Hawa ng'ombe ni wa nani?"

Sajini aliuliza akiwa mlangoni mwa zizi, buti lake moja juu ya gogo. Ilikuwa saa nne asubuhi, mwezi wa saba mwaka wa themanini na nne, na ukungu wa kijiji cha Qurus ulikuwa haujainuka vizuri. Germana alikuwa anapepeta maharage. Aliweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kitenge, na kabla hajafikiri chochote mdomo wake ukajibu.

"Ni wetu, afande."

Germana hakuwa mwongo, ijulikane hivyo. Huko kwao mtu akikuwekea ng'ombe, humtangazi. Mtu anaweza kuwa na ng'ombe ishirini, zizini kwake wakaonekana watatu tu, wengine wamelala kwa marafiki mlima wa pili na wa tatu, na jirani asijue hesabu. Aliyewekewa akiulizwa husema ni wangu, na maneno yanaishia hapo. Kusema ni wa fulani ni kumvua mwenzako nguo mbele za watu. Marehemu mume wake, Clemensi, alimfundisha hivyo mwaka waliofunga ndoa, naye akamfundisha Inosenti, mtoto wao wa pekee, ambaye sasa alikuwa na miaka ishirini na moja na ndiye aliyekuwa anawachunga.

"Wote sita?" sajini akauliza.

"Wote."

"Wamezaliwa hapa?"

"Hapa hapa."

Sajini akaingia zizini. Alishika sikio la ng'ombe mwekundu akaligeuza, kama mtu anayekagua kitambaa dukani. Nyuma yake alisimama konstebo kijana mwenye bunduki, na nyuma ya konstebo alikuwa Patrisi, mgambo wa kijiji, ambaye shamba lake linapakana na la Germana. Patrisi alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Wale wawili hawana alama," sajini akasema. "Hawa wanne, sikio la kulia limekatwa ncha, la kushoto limechanwa pembeni. Mimi nimefanya kazi Loliondo miaka mitatu, mama. Haya ni masikio ya Wamasai. Sasa niambie, ng'ombe wa Mmasai amezaliwaje kwenye zizi la Mwiraqw?"

Germana akatazama ile bunduki na buti. Hapo ndipo angesema: ni wa Kasaine wa Olbalbal, aliwaleta mwezi wa tatu mvua zilipokataa kwao. Lakini alikuwa ameshasema ni wetu, na sasa kubadilisha maneno mbele ya askari kulimwogopesha kuliko kunyamaza. Akafuta mikono tena kwenye kitenge.

"Kuna mzee ameibiwa ng'ombe wanne," sajini akasema. "Wanne. Mnaona wenyewe."

Akatoa karatasi, akaiweka juu ya paja, akaandika muda mrefu. Alipomaliza akamnyooshea Germana.

"Unajua kusoma, mama?"

"Najua. Nilifika darasa la nne, kwa masista."

"Vizuri. Wengi huku ni dole gumba tu. Weka saini hapo chini."

Germana akashika karatasi. Yeye husoma kwa kidole, neno moja moja, na midomo ikitembea. Aliona konstebo anamtazama kidole na kutabasamu. Akaona aibu. Akaacha kusoma kwenye mstari wa pili, akachukua kalamu, akaandika Germana Clemensi kwa mwandiko mzuri wenye mkia mwishoni. Tena moyoni alijisikia vizuri kidogo, kwamba hakuweka dole.

Inosenti alikuwa ametokea nyuma ya nyumba na mzigo wa majani ya ng'ombe.

"Huyu ndiye mchungaji?" sajini akauliza. "Kijana, weka chini hayo majani. Unakwenda na sisi, na hawa wanne wenye alama pia."

"Nimefanya nini?"

"Utatuambia wewe." Akamgeukia Germana. "Mama, pingu tulizo nazo zimeharibika. Tuazime kamba."

Na Germana akaenda kuileta. Mtu akisoma anaweza kushangaa, lakini hofu ndivyo ilivyo, inakutuma na wewe unakwenda. Alifungua kamba ya ndama kwenye nguzo, akaileta mwenyewe, akampa konstebo, akatazama mikono ya mwanawe ikifungwa nyuma ya mgongo.

"Mtairudisha?" akauliza. Alikuwa anauliza habari ya kamba.


Siku ya tatu alipeleka ugali na maharage kituoni kwa mara ya tatu. Konstebo alifungua bakuli, akachokonoa ugali kwa kipande cha waya, akala matonge mawili, akasema chumvi imezidi.

"Naomba nimwone tu, mwanangu."

"Mwanao nani? Hapa hakuna mwanao. Kuna mtuhumiwa."

Kutoka nyuma ya ukuta alisikia mtu anakohoa. Alimjua kwa kikohozi. Akavua viatu, sijui kwa nini alivua, akaingia ofisini kwa sajini miguu mitupu na kusimama karibu na mlango.

"Afande, nimekuja kusema kweli. Wale wanne ni wa Kasaine, rafiki wa marehemu mume wangu. Anakaa Olbalbal. Aliwaleta kwa sababu ya ukame."

Sajini aliweka kalamu chini taratibu.

"Jumanne walikuwa wako. Leo ni wa Kasaine. Jumapili watakuwa wa padri?"

Konstebo akacheka mlangoni.

"Niliogopa, afande. Na sisi desturi yetu..."

"Desturi haiandikwi hapa. Huyo Kasaine ana kibali cha kuhamisha mifugo? Unajua kuna karantini?"

Germana hakujua kama kibali kilikuwepo. Alikuwa na hakika hakikuwepo.

"Nina karatasi yenye saini yako," sajini akasema. "Na mwanao naye anasema hivyo hivyo, kwamba ni wenu. Sasa wawili mnasema ni wenu, na masikio yanasema si wenu. Mimi nimwamini nani?"

"Mtampeleka mahakamani lini?"

"Upelelezi ukikamilika. Na wewe usije ukaongeza maelezo ya tatu, nitakuweka humo ndani na yeye. Chukua bakuli lako."


Alifika Olbalbal kwa lori la mahindi. Kwenye geti la hifadhi alisema anakwenda kuona mgonjwa. Lori lilipanda kwenye msitu wa mlima, baridi ikiuma mifupa, likazunguka ukingo wa kreta, likashuka upande wa pili ambako hakuna mti wala jani. Alishushwa njiani akatembea saa tatu kwenye vumbi. Alipita mizoga ya ng'ombe, mingine imekauka mpaka tai wameikataa.

Nashilu, mke mkubwa wa Kasaine, alimwona kwa mbali akaja kumpokea. Alimpa maziwa kidogo yaliyobaki ndani ya kibuyu, na Germana aliyaona yalivyokuwa kidogo akajua kwamba ndiyo yaliyokuwepo.

Kasaine na Clemensi walikuwa wakiitana Pakiteng'. Wamasai wakipeana ng'ombe huacha majina yao, kila mmoja humwita mwenzake hivyo mpaka kufa. Kasaine alikuja kutoka malishoni, mrefu, amekonda, akakaa kwenye kigoda chake.

"Mke wa Pakiteng'. Umekuja na miguu. Nani amekufa?"

"Hajafa bado." Akamweleza yote, na ya kamba pia.

Kasaine alinusa ugoro alioletewa na Germana. Aliyesema ni Nashilu.

"Wewe mzee, ukienda huko watakula wewe. Watasema kibali kiko wapi. Utafungwa na huyo kijana, na ng'ombe watachukua. Hapa nimebaki na ng'ombe tisa na watoto sita. Nani atachimba maji?"

"Nyamaza kidogo," Kasaine akasema.

"Mimi sinyamazi. Si huyu mama aliyesema ni wake? Basi ni wake."

Germana aliinamisha kichwa. Hilo lilikuwa kweli, na aliyelisema alikuwa na watoto sita.

"Nikuulize," Kasaine akamwambia. "Siku ile ungesema ni wangu, mimi ningesikia vipi?"

"Ungesikia vibaya. Ungesema mjane wa Pakiteng' hana kifua."

"Ningesema hivyo." Akafunga kikopo cha ugoro. "Wewe umeshika neno langu mpaka mtoto amefungwa. Sasa mimi nikae hapa nilinde maziwa?"

Nashilu akaingia ndani ya nyumba. Asubuhi waliondoka wawili, na Nashilu hakutoka kuwaaga.


Kasaine alikuja kituoni na barua ya mwenyekiti wa kijiji chake. Kabla ng'ombe hawajatolewa aliwaeleza mmoja mmoja, rangi yao, kovu la mwekundu kwenye goti, mwenye pembe moja fupi. Kila alichosema kilikuwa hivyo. Sajini alisikiliza akichokonoa meno.

"Sawa, ni wako. Kibali?"

"Sina kibali. Nilikuwa na ukame."

"Basi huyu mwekundu anabaki kama kielelezo. Shukuru sikuweki ndani."

Kasaine aliinama akachukua fimbo yake. Yule mwekundu hakuonekana tena, si kwa kielelezo wala kwa kesi, maana kesi yenyewe haikuwepo.

Inosenti alitolewa siku ya kumi na moja. Alitoka ameshika suruali kwa mkono, mkanda umepotea. Mwanga ulimuumiza macho. Germana alimwita kutoka upande wa kushoto, akaita tena, na mwanawe akaendelea kutazama mbele. Alipomshika bega ndipo aligeuka kwa kushtuka, mkono umekinga uso. Kwenye shingo upande huo usaha ulikuwa umekauka kutoka sikioni.

"Ni mafua," konstebo akasema. "Humo ndani kuna baridi."


Mambo yangeishia hapo, kama yanavyoishia kwa wengi, ila Patrisi mgambo alishindwa kulala na alilokuwa nalo. Jumapili moja baada ya misa alimkuta Germana kisimani, akatazama huku na huku.

"Mama Inosenti, nikikwambia kitu utanitaja?"

"Sema kwanza."

"Yule mzee aliyeibiwa alikuja kituoni siku ya pili tu, Jumatano. Akawatazama wale ng'ombe akasema si wake. Wake hawakukatwa masikio kabisa. Mimi nilikuwepo."

Germana aliweka ndoo chini. "Jumatano. Na mwanangu alitoka Ijumaa ya wiki iliyofuata."

"Ndiyo."

"Na wewe ulinipita njiani kila siku na bakuli langu, ukanisalimia."

Patrisi aliinama. Alimsaidia kujitwisha ndoo akaondoka kwa njia nyingine.

Barua aliiandika Germana mwenyewe, kwenye daftari la mistari, siku nne. Aliandika kwamba mwanawe alikamatwa bila kosa, akawekwa siku tisa zaidi baada ya mzee aliyeibiwa kusema si wake, akapigwa kofi mpaka sikio la kushoto likaacha kusikia, na ng'ombe mmoja wa watu amepotea. Aliandika kwamba aliyefanya hayo awajibike, na mwanawe alipwe matibabu. Inosenti alimwambia aache, wangerudi kumchukua. Kila gari lililopita barabarani, wote wawili waliacha walichokuwa wanafanya. Lakini barua ilikwenda, na cheti cha daktari ndani yake, na mwezi wa tisa akaja mkaguzi wa polisi kutoka mjini, mtu mzima mwenye miwani na sauti ya chini.


Aliwasikiliza kwenye ofisi ya kijiji. Sajini alikaa upande wake wa meza, sare imepigwa pasi. Germana na Inosenti walipewa benchi karibu na dirisha, Inosenti akiwa na sikio bovu upande wa meza.

"Mama, barua yako nimeisoma," mkaguzi akasema. "Umeandika vizuri. Sasa nikueleze. Askari hakatazwi kumkamata mtu ambaye baadaye anaonekana hana kosa. Anachotakiwa ni kuwa na sababu ya kumshuku, sababu ambayo mtu mwenye akili angeikubali. Tunaelewana?"

"Naelewa."

Akafungua faili. "Hapa pameandikwa: 'Ng'ombe wote sita ni mali yetu, wamezaliwa katika zizi langu, hakuna hata mmoja aliye wa mtu mwingine.' Ulisema hivi?"

"Nilisema ni wetu. Hayo ya mwisho sikusema."

"Saini ni ya nani?"

Akageuza karatasi. Mkia wa herufi ya mwisho ulikuwa pale pale, mzuri.

"Ni yangu."

"Ulisoma kabla ya kusaini?"

Germana akaficha kidole ndani ya kitenge. "Mistari miwili."

"Basi. Ng'ombe wana alama za Kimasai, na mwenye zizi anasaini kwamba wamezaliwa hapo. Wewe ungekuwa sajini, usingeshuku?" Alisema bila ukali, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Sababu ya kumkamata mwanao ilikuwa hii. Umeitoa wewe."

"Na zile siku tisa?" Germana akauliza. "Mzee aliyeibiwa alishasema si wake."

Mkaguzi akamtazama sajini. Sajini akasema, "Hakuja mtu kama huyo, afande. Na mtuhumiwa mwenyewe siku zote alisisitiza ni wao."

"Mgambo alikuwepo," Germana akasema.

Wakamwita Patrisi. Alisimama mikono nyuma.

"Nilikuwa nje, afande," akasema. "Sikumwona vizuri aliyekuja."

"Alikuja au hakuja?"

"Walikuja watu wengi wiki ile."

Mkaguzi akaandika. Kuhusu sikio alisema cheti cha daktari kinataja usaha, hakitaji kofi. Kuhusu ng'ombe mwekundu alisema mwenye ng'ombe alete malalamiko mwenyewe, na kibali chake. Kisha akamsogezea Germana karatasi na kalamu.

"Saini hapa, kwamba tumekusikiliza."

Germana akaiweka mbele yake, akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Midomo ikaanza kutembea. Nje kuku alikuwa anaparua. Mstari wa pili. Wa tatu. Sajini akatazama saa yake.

"Mama, gari linasubiri."

"Lisubiri, afande. Mimi nimefika darasa la nne tu."

Akasoma hadi chini, akarudi juu kidogo. "Hapa pameandikwa nimeridhika na sina madai. Nani amesema?"

"Ndivyo fomu ilivyo," mkaguzi akasema. "Usiposaini, faili litafungwa vile vile."

"Lifungwe. Mkono wangu usiwemo."

Akarudisha kalamu mezani. Akainuka, akamgusa Inosenti bega, wakatoka.


Walirudi kwa miguu kupitia mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Inosenti hakuwa amesikia mengi.

"Amesemaje, mama?"

Germana akamwambia. Alisema yote, kuhusu karatasi, saini, kwamba sababu ya kukamatwa kwake aliitoa yeye mama yake mzazi. Alipomaliza aligundua ametembea upande wa kushoto muda wote. Mwanawe alikuwa anatazama njia. Angeweza kuacha hivyo. Akasimama, akazunguka upande wa kulia, akaanza tena mwanzo.

Inosenti alisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo karatasi naijua," akasema. "Walinisomea usiku ule wa kwanza. Wakaniuliza, mama yako amesema kweli au amedanganya? Nikasema amesema kweli."

"Ungesema tu ni wa Kasaine. Kwa nini hukusema?"

"Walisema kumdanganya askari ni kosa, mtu anafungwa. Nikaona nikisema ni wa Kasaine watakuja kukuchukua." Akapandisha suruali, bado hakuwa amepata mkanda mwingine. "Kila wakiuliza nikajibu hivyo hivyo. Wakachoka wao."

Germana alipunguza mwendo. Alitaka kumshika mkono, akaona haya, kijana mzima. Nyuma yao, mbali, akasikia gari. Aliijua sauti yake, Landrova ya polisi, inashuka kwa kasi na vumbi lake. Inosenti aliendelea kutembea katikati ya barabara, taratibu, kama mtu aliye peke yake duniani.

Alimvuta kwa shati mpaka wote wawili wakaanguka kwenye mabua. Gari likapita. Sajini alikuwa mbele, hakugeuka hata kuwatazama.

"Nini?" Inosenti akauliza akijifuta vumbi.

"Gari."

"Sikulisikia."

Germana hakuliachia lile shati. Walikwenda hivyo mpaka nyumbani, yeye upande wa kushoto, na walipofika ndama alikuwa ameingia tena kwenye maharage, kwa sababu hakukuwa na kamba ya kumfungia.